Jino la Alhamisi

Siku ambayo wajomba zake Sekove walikuja kunichumbia, niliamka kabla ya jogoo nikaanza kuosha masufuria yaliyokuwa safi. Ndivyo nilivyo. Furaha ikinizidi natafuta kitu cha kusugua. Shangazi Losalini, dada yake baba, alinikuta nimechuchumaa bombani na jivu mikononi, akacheka mpaka akashika ubavu.

"Wewe Torika! Hayo masufuria yamekukosea nini? Mtu anakuja kuposa, utampokea na mikono kama ya mpishi wa msibani?"

"Mikono yangu anaijua, Shangazi. Imemsugua goti miaka mitano."

"Goti tu?"

"Shangazi!"

"Nauliza tu, mwanangu. Sina mume wa kuniuliza mimi."

Nilimrushia maji naye akakimbia, mwili wake wote ukicheka. Niliwapenda watu wote asubuhi ile. Niliupenda hata moshi wa kiwanda cha sukari uliokuwa umetanda juu ya Vunivasa tangu msimu wa kusaga uanze, ule moshi unaonata kwenye nguo zilizoanikwa na ambao maisha yangu yote nimeulaani. Nilijiambia, Torika, uvute vizuri. Unauvuta kwa mara ya mwisho.

Tiketi yangu ilikuwa ya Jumatatu saa nne asubuhi, kutoka uwanja wa ndege wa Nadi, hapa visiwani kwetu, kwenda Townsville huko Australia. Hospitali ya kule ilikuwa imenikubali unesi, kama ilivyowakubali wenzangu watatu walionitangulia kutoka kituo chetu cha afya. Na Mungu akitaka kumpa mtu humpa kwa mikono miwili: klabu moja ya mji huohuo ilikuwa inatafuta beki wa kati mwenye uzoefu, wakamwona Sekove kwenye mechi ya kirafiki, wakamletea mkataba wa miaka miwili. Jumatano jioni alinishika mikono yote miwili akaniambia, "Ijumaa nasaini, Tori. Jumamosi wajomba wanakuja kwenu. Wewe tangulia, mimi nakufuata baada ya wiki mbili."

Hii ilikuwa Jumamosi.

Labda niseme Sekove alikuwa nani, maana kwetu hakuna anayeuliza. Alikuwa nahodha wa klabu ya Vunivasa. Alianza kuivaa jezi ya kijani akiwa na miaka kumi na tisa, na sasa alikuwa na thelathini, na jezi nyingine hakuwahi kuivaa hata kwa utani. Auckland walimtaka, akabaki. Suva walimtaka, akabaki. Kombe lenyewe hatukulipata, fainali nne tumekwenda na fainali nne tumerudi tunalia njia nzima. Lakini sokoni hanunui muhogo, anapewa. Watoto sita ninaowajua mimi wamepewa jina lake, na mmoja wao ni msichana.

Nilikutana naye goti lilipovimba. Aliletwa kituoni na watu kama arobaini, kila mmoja anamfundisha nesi kazi. Niliwafukuza wote nikafunga mlango. Yeye akacheka taratibu, akasema, "Dada, hujui ni miaka mingapi sijakaa ndani ya chumba chenye watu wawili." Nikamwangalia. Ningejua, nisingemwangalia vile.

Kasoro yake ilikuwa moja tu. Sekove hakuwa na neno hapana. Aombwe kubeba jeneza, abebe. Aombwe kusukuma gari, asukume, hata kama kesho ana mechi. Acheze na homa, acheze na goti limefungwa kama mzigo. Nikaligeuza neno hilo kuwa mchezo wetu.

"Sema hapana," namwambia.

"Nikisema utanipa nini?"

"Busu."

"Basi ndiyo."

"Umeshindwa tena, Sekove."

Na busu nampa vilevile. Pengine hapo ndipo nilipokosea.

* * *

Walifika saa saba mchana na lori la miwa lililosafishwa, wamekaa nyuma juu ya mikeka, wamevaa mashati ya maua na sulu, zile shuka zetu za kiunoni, zilizopigwa pasi. Mjomba wake Apimeleki alikaa mbele na dereva kwa sababu ndiye msemaji wao, na tangu baba yake Sekove afariki ndiye aliyeshika nafasi ya baba. Niliwachungulia kwenye dirisha la jikoni, maana mwali haonekani siku hiyo mpaka maneno yaishe. Sekove alishuka wa mwisho. Alikuwa amenyolewa vizuri. Nilingoja atupe jicho jikoni, kama afanyavyo siku zote, kabla hata ya kumsalimia baba.

Hakulitupa. Alipita ameinamisha kichwa.

Nyuma ya lori walikuja watu ambao hakuna aliyewaalika. Ishirini, thelathini, na jezi zao za kijani, wakajipanga kwenye uzio wetu wa michongoma. Mji wetu hauna sinema. Popote Sekove aendapo wanamfuata, na baba yangu hakuwahi kuwafukuza kwa kuwa siku nyingine zote yeye ni mmoja wao. Baba huyu anayeendesha gari moshi la miwa, mtu mzito wa maneno, nimemwona akilia mara nne tu toka mama afariki, na unazijua hizo mara nne.

Peni akaja jikoni kuomba maji. Peni ni binamu yake Sekove, na mimi naye ni watani, hatujawahi kuongea sentensi mbili bila kutukanana.

"Shemeji mtarajiwa," akasema, "leo umeoga? Maana nimepita mlangoni sijasikia kitu."

"Wewe kunywa maji uondoke. Jezi umeivaa mpaka kwenye posa, huna shati?"

"Hii ndiyo suti yangu. Lakini leo sikutukani sana. Leo nakushukuru. Mji mzima unakushukuru, kwa roho uliyoonyesha ya kutuachia beki wetu."

Nikacheka. "Nimewaachia lini?"

"Acha hizo. Si Alhamisi mzee Bisun wa dukani na viongozi wa klabu walikuja kwetu na jino la nyangumi? Wakaomba Sekove asiondoke Vunivasa mpaka atundike viatu. Mjomba akalipokea. Na jino likishapokewa…" Akaniangalia. Kikombe kikasimama karibu na mdomo. "Torika. Ulikuwa unajua, sivyo?"

Nilinyakua sufuria lililokuwa karibu.

"Mungu wangu," Peni akasema taratibu. "Hujui."

Kwetu jino la nyangumi si pambo. Anayekuletea jino amekuletea ombi, na ukinyoosha mikono ukalipokea umelikubali, wewe na ukoo wako, na hakuna karatasi ya wakili inayolifuta. Watu wamesamehewa damu kwa jino. Mjomba Apimeleki alikuwa amenyoosha mikono.

"Niitie Sekove," nikamwambia Peni.

"Haiwezekani, wameshakaa, ni mwiko…"

"Niitie, au nitaingia mwenyewe na hili sufuria."

* * *

Alikuja nyuma ya jiko, kwenye tangi la maji ya mvua, chini ya mshelisheli. Alinukia dawa ya kuchua misuli, ile ninayompaka mimi. Nilikuwa nimepanga kupiga kelele. Nilipomwona, nikanong'ona tu.

"Niambie Peni anatania."

Aliangalia vidole vya miguu yake. Wachezaji wana vidole vibaya, nimezoea kumcheka kwa hilo.

"Nilikuwa mazoezini, Tori. Nimerudi nimekuta wanakunywa kava, ile mizizi ya sherehe, na Mjomba ameshalipokea. Walikuwa wameshapiga makofi ya kufunga neno."

"Na ungekuwepo?"

Kuku akapita kati yetu, akadonoa, akaondoka.

"Sijui," akasema.

"Mkataba uko wapi?"

"Kwenye Biblia ya mama."

"Umesaini?"

Alitikisa kichwa.

"Ungeniambia lini, Sekove? Nikiwa angani?"

"Baada ya leo."

"Baada ya leo. Yaani baada ya baba yangu kuwakubalia." Ndipo akili ikanijia jambo jingine, na nilitamani lisinijie. "Hebu ngoja. Nyumba yenu haina jino. Mwaka jana mlitoa la mwisho kwenye msiba wa bibi yako. Uliniambia mwenyewe tutachelewa kuoana kwa sababu ya kutafuta jino. Leo mmeleta la nani?"

Akakwangua tangi kwa ukucha.

"Sekove. Mmeleta la nani?"

"Mjomba alisema ni baraka. Alisema tumelitafuta mwaka mzima, na jino limekuja lenyewe mpaka mlangoni."

"Ni la Alhamisi."

"Kila mtu anafanya hivyo, Torika. Jino halikai sanduku moja, linapokewa huku linapelekwa kule. Si kosa."

"Najua si kosa! Ningekuwa mtu mwingine lisingekuwa kosa!" Nilikuwa nalia sasa, na nilichukia kulia mbele yake siku ile. "Jino lililokufunga wewe, unanifungia na mimi. Baba akilipokea mimi ni mke wa Vunivasa. Nitaondokaje Jumatatu? Mwali aliyekubaliwa anamwacha mchumba wake siku mbili baadaye? Watasema nini kanisani?"

"Basi usiondoke." Alilisema haraka, kama mtu aliyelibeba muda mrefu. "Msimu mmoja tu, Tori. Oktoba tunaingia tena kwenye kombe. Safari hii tuna kipa, tuna vijana. Msimu mmoja, halafu natundika viatu, tunakwenda wote."

"Uliniambia msimu mmoja mwaka jana. Na mwaka juzi."

"Viza yako si samaki, haitaoza."

"Inaoza, Sekove! Miezi mitatu inaoza. Nimesoma usiku miaka miwili kwa ajili ya ile karatasi, na wewe ndiye uliyenishikia taa umeme ulipokatika."

Akainua macho, hatimaye. Nayajua macho yale kuliko ninavyoyajua yangu. Hayakuwa macho ya mtu mwongo. Ingekuwa rahisi kama angekuwa mwongo.

"Nilikuwa na miaka kumi na minne lori lilipomwangukia baba," akasema. "Unajua nani walimtoa chini ya miwa? Hawa walioko kwenye uzio. Unajua nani alininunulia viatu vya kwanza? Mzee Bisun, akaviweka kwenye kasha la misumari la dukani kwake ili mama asione aibu. Nikifika sokoni, wanawake wananipa chakula cha watoto wao. Nimewapeleka fainali nne, nimewarudisha mikono mitupu mara nne. Ile ya mwisho penalti iliyokoswa ilikuwa yangu, Torika. Nikienda sasa, nitakwenda kama mdeni wao. Sitalala."

"Na ukibaki utalala?"

"Hapana… sijui. Pale Jumatano niliposema nasaini, nilikuwa nasema kweli. Nataka uniamini. Nilivyokwambia vile nilihisi mtu amenitoa jiwe kifuani. Nilitembea mpaka nyumbani naimba. Alhamisi nikakuta makofi yameshapigwa, na unajua nilihisi nini? Nilihisi nimerudishwa chumbani kwangu, mlango ukafungwa, na chumba ninakijua."

"Unanipenda?"

"Mpaka naona aibu."

"Basi waambie hapana. Leo tu. Ingia pale useme hapana, mimi sitakuomba tena kitu maisha yangu yote."

Alinigusa shavu kwa mgongo wa mkono, kwa kuwa kiganja chake kina sugu na anajua kinanikwaruza. Nikaushika ule mkono nikauweka pale pale. Tulisimama hivyo. Nilisikia moyo wake kwenye kifundo cha mkono, unakimbia kama vile yuko uwanjani dakika ya tisini. Nilidhani atasema. Naapa nilidhani atasema.

Ndani ya nyumba Mjomba Apimeleki alikohoa, kile kikohozi cha msemaji anayeanza.

"Wananiita," Sekove akasema, na akaenda.

Nilipogeuka, Shangazi Losalini alikuwa mlangoni mwa jiko, ufagio mkononi. Hakuwa anacheka.

"Umesikia yote?"

"Nilikuwa nafagia."

"Shangazi, usimwambie baba. Ataaibika mbele za watu."

"Mwanangu, mimi nilizaliwa kuwa masikio ya kaka yangu. Sijaanza leo." Alichukua jagi la maji, akajifunga sulu yake vizuri, akaingia sebuleni amepiga magoti, kama wanawake wanavyoingia wanaume wakiwa wamekaa. Alimwinamia baba kumimina maji. Aliyamimina polepole mno. Glasi ikajaa, ikamwagikia mkeka, na mdomo wake bado uko sikioni.

* * *

Nilikaa nyuma ya pazia linalotenga jiko na sebule. Pazia letu limechakaa katikati, kila kitu kinaonekana. Baba alikuwa ameketi juu, kwenye mkeka mpya, uso wake haukuonyesha lolote. Sekove alikuwa chini kabisa karibu na mlango, mahali pa mwombaji, na hatakiwi kusema neno. Na mimi sitakiwi kusema neno. Watu wawili ambao mambo yalikuwa yao walikuwa ndio pekee nyumbani mle waliofungwa midomo.

Mjomba Apimeleki alilitoa jino kwenye kitambaa. Lilikuwa kubwa, la rangi ya chai ya maziwa, limepakwa mafuta hadi linang'aa, na kamba yake ya makumbi ilikuwa imefungwa fundo la uzi wa kijani. Uzi ule ulikuwa wa klabu. Hata kuufungua hawakukumbuka.

Alizungumza vizuri, sitamnyima haki yake. Alisema wamekuja na miguu michafu kwenye nyumba safi. Alisema wameona taa inawaka katika nyumba hii, na kwao kuna giza, wanaomba hiyo taa. Wanawake nyuma yangu walishusha pumzi. Siku nyingine ningelia kwa furaha. Nilikuwa nalia, lakini si kwa furaha.

Baba alinyoosha mikono.

Nikauma ukingo wa pazia. Usipokee, Baba. Nilisema moyoni, tena na tena, na moyo uleule ukasema pokea, pokea, maana nilimtaka yule mtu kule mlangoni, na nitakuwa mwongo nikisema sikumtaka. Mwanamke anaweza kuomba vitu viwili kwa pumzi moja. Baba akalipokea. Akalibusu, akashukuru kwa maneno ya desturi, makofi mazito yakapigwa mara tatu. Nilikuwa nimeposwa. Nje kwenye uzio mtu akapiga mluzi, wengine wakamnyamazisha.

Lakini baba hakuliweka jino pembeni yake.

"Apimeleki," akasema. "Nimepokea. Torika ni wenu. Sasa na mimi nina ombi langu, na ombi haliji mikono mitupu. Nyumba hii haina jino jingine. Nitatumia hilihili."

Alilishika kwa mikono miwili, kamba ikining'inia, akalielekeza chini, kwa watu wa Sekove. Sijawahi kuona jambo kama lile, na mzee mmoja wa upande wetu akasema "Eh!" kwa sauti.

"Binti yangu ameitwa kazini mbali," baba akasema. "Alifanya kazi mchana akasoma usiku, nami sikuwa na cha kumsaidia. Naomba aendako, mumewe amfuate. Hilo tu." Akameza mate. "Nyote mnanijua. Kwenye fainali ya mwisho nililia mpaka mke wa mchungaji akanipa leso. Hakuna anayetaka Sekove abaki Vunivasa kuliko mimi. Naomba aende."

Baba yangu. Mtu ambaye siku ya mechi halishi hata kuku.

Mjomba Apimeleki alinyoosha mikono, kwa mazoea tu, kwa kuwa jino likija mikono hunyooka yenyewe. Halafu ikasimama hewani. Aliuona ule uzi wa kijani. Jino hilohilo siku mbili zilizopita alilipokea kwa neno la kubaki. Sasa limemjia kwa neno la kwenda. Akilipokea, amewageuka watu wa klabu na mji mzima. Akilikataa, amemtukana baba mkwe ndani ya nyumba yake, makofi hata hayajapoa. Jasho lilimtoka mzee wa watu. Nilimwonea huruma, jamani, na mimi sikuwa na huruma ya kutosha hata kwangu.

Wanawake nyuma yangu walikuwa wamekunja viganja tayari kupiga makofi. Hakuna aliyejua kama apige au ashushe.

Mjomba akageuza shingo, akamtazama Sekove.

Kila mtu akamtazama Sekove. Peni alikuwa ameufunika uso kwa jezi yake. Kule nje kwenye uzio walinyamaza pia, na nikajua wanasikia, madirisha yetu hayana vioo.

Nikalisogeza pazia. Mwiko uwe mwiko. Nilitaka anione. Na aliniona, alinitazama moja kwa moja, muda mrefu, jinsi alivyonitazama siku ile nilipofunga mlango wa kituo tukabaki wawili. Nikamwitikia kwa kichwa kidogo, kama namfundisha mtoto kutembea. Sema. Neno moja. Unaliweza.

"Hapana," Sekove akasema.

Lilitoka vizuri kabisa, halikukwama popote. Moyo wangu uliruka, nikidhani anawakatalia watu wa mji. Naona aibu kukiri kwamba uliruka.

"Hapana, Mjomba," akasema tena, na machozi yanamteremka. "Usilipokee."

Miaka mitano nilimfundisha lile neno. Nilimlipia kwa mabusu. Siku alipolijua, mtu wa kwanza kuambiwa nilikuwa mimi.

Baba aliteremsha mikono taratibu. Hakugomba. Alilifungua lile fundo la uzi wa kijani, akahangaika nalo kidogo kwa vidole vyake vikubwa, akauweka uzi mbele ya Apimeleki na jino juu yake. "Basi rudini nalo, na posa yenu," akasema. "Torika, kafunge sanduku lako, mwanangu. Shangazi yako atakusaidia."

Shangazi akanishika bega. Sikunyanyuka.

Maana kule nje habari ilikuwa imeshafika. Mtu alipiga yowe, "Anabaki! Sekove anabaki!" na uzio wote ukalipuka, wakagonga madebe, wakaimba jina lake, ule wimbo ambao mimi mwenyewe nimeuimba mara nyingi jukwaani hadi sauti ikakauka. Mlango ulikuwa wazi nyuma yake. Wakamwona.

Na Sekove akanyanyua mkono. Hakudhamiria, namjua. Ni mkono wa miaka kumi na mmoja, ukisikia wimbo ule unapanda wenyewe. Ulipofika juu ya kichwa chake akakumbuka yuko wapi, akaniona nimeshika pazia, na hakuweza tena kuupunga wala kuushusha. Akakaa hivyo, kwenye mkeka wetu karibu na mlango, analia, mkono uko juu, na watu wake wanamshangilia.

Jumatatu saa nne niliondoka Nadi. Nilipewa kiti cha dirishani, na sikuangalia nje.